Mcheza Kwao Hutunzwa: Uhakiki wa Ukumbusho na Ukusanyaji wa Michezo ya Elektroniki ya Mkononi

1. Utangulizi

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa ina vitenzi viwili, na kila kimoja kina maana mbili. Kucheza ni kucheza ngoma, na vilevile ni kujifurahisha kwa mchezo. Kutunza ni kumpa tuzo mchezaji aliyewapendeza watazamaji, na vilevile ni kuhifadhi kitu kisije kikaharibika. Katika matumizi ya kila siku, maana ya kwanza ya kila kitenzi ndiyo inayokusudiwa: achezaye ngoma kwao hupewa zawadi. Hata hivyo maana za pili hazifutiki, na zikichukuliwa pamoja huzaa swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: je, kitu cha kuchezea kinaweza kutunzwa bila ya kuchezwa?

Swali hili limepata uzito kutokana na biashara inayohusu michezo ya elektroniki ya mkononi iliyotengenezwa tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vifaa hivi viliuzwa kama vitu vya watoto, vikatiwa mifukoni, vikaangushwa na kusahauliwa. Leo vinatafutwa na watu wazima, vinapangwa katika makabati ya vioo, na vile ambavyo havikufunguliwa kamwe ndivyo vinavyolipiwa bei kubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba bei hiyo imesimama juu ya kutoelewa jinsi kifaa cha kuchezea kinavyobeba kumbukumbu, na kwamba kielelezo bora cha kumbukumbu hiyo hakimo katika sanduku lililofungwa, bali katika kifaa kilichoigwa, kikachakazwa na kusimuliwa.

2. Dhana ya ukumbusho

Kabla ya kuvichunguza vifaa vyenyewe, hapana budi kuweka wazi istilahi. Neno la Kizungu linalotumika kwa jambo hili, nostalgia, liliundwa na mganga Johannes Hofer katika tasnifu yake ya mwaka 1688 huko Basel, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: lile la kurudi nyumbani na lile la maumivu. Lilikuwa jina la ugonjwa. Waandishi wa Kiswahili hulieleza mara kwa hamu, mara kwa shauku, mara kwa majonzi, na kila neno hushika sehemu tu ya maana.

Lakini Kiswahili cha Katanga kina neno jingine lenye faida kubwa zaidi kwa mhakiki. Katika miaka ya 1970, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipochunguza picha zilizochorwa na wasanii wa mitaani na kutundikwa katika sebule za Lubumbashi na miji jirani, walikuta kwamba watu wenyewe waliziita ukumbusho. Miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia ya nchi katika mfululizo wa picha zaidi ya 100. Jambo la kuzingatia ni umbo la neno. Ukumbusho hautokani na kukumbuka, bali na kukumbusha, yaani kitenzi cha kusababisha. Picha ya ukumbusho haihifadhi jambo la kale kama ghala lihifadhivyo nafaka. Humfanya mwenye nyumba na mgeni wake waanze kusema. Picha isiyomfanya mtu aseme ni pambo tu.

Dhana hii inatoa kipimo. Kitu cha kale kitahesabiwa kuwa ukumbusho kwa kadiri kinavyosababisha kumbukumbu, si kwa kadiri kilivyobaki kipya. Ndicho kipimo kitakachotumika katika sehemu zifuatazo.

3. Kifaa kama matini

Mwaka 1976 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa Auto Race, mchezo wa mbio za magari ambamo gari halikuwa ila kijistari chekundu kinachowaka. Mwaka 1979 Milton Bradley ikatoa Microvision, iliyobuniwa na Jay Smith, ambayo iliweza kubadilishwa mchezo kwa kubadilisha kasha. Kioo chake kilikuwa na nukta 16 kwa 16 tu. Katika vifaa hivi vya mwanzo, mchezaji alidaiwa mengi: alipaswa kuona gari pale palipokuwa na mstari, na mpira pale palipokuwa na nukta. Sehemu kubwa ya mchezo ilitendeka nje ya kioo, katika fikra za mwenye kuucheza.

Mfululizo uliokuja kupendwa kuliko yote ni Game & Watch wa Nintendo, ulioanza Aprili 1980 kwa mchezo uitwao Ball. Mbunifu wake, Gunpei Yokoi, alizaliwa mwaka 1941 na aliingia Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Inasimuliwa, kwa kauli yake mwenyewe, kwamba wazo lilimjia ndani ya treni ya kasi, alipomwona abiria aliyechoka akijipotezea wakati kwa kubofya-bofya mashine ya kuhesabia. Mashindano ya makampuni katika miaka ya 1970 yalikuwa yamezishusha sana bei za mashine hizo pamoja na vioo vyake. Yokoi akavichukua vioo hivyo akavipa kazi mpya. Falsafa yake ilikuwa hiyo hiyo siku zote: teknolojia iliyokwisha kunyauka, iliyozoeleka na kuwa rahisi, itumiwe kwa fikra za upande mwingine. Hivyo Game & Watch ilizaliwa tayari ikiwa na uzee ndani yake. Thamani yake haikutokana na upya wa mitambo, bali na matumizi yasiyotarajiwa ya kitu cha kawaida.

Kioo cha Game & Watch chastahili kusomwa kwa makini. Tofauti na vioo vya baadaye, hakina nukta zinazoweza kuunda picha yoyote. Kila umbo limechorwa tangu kiwandani mahali pake: mkono ulioinuliwa, mkono ulioshushwa, mpira ukiwa juu, mpira ukiwa chini. Programu huwasha hili na kulizima lile. Kifaa kikiinamishwa kwenye mwanga, maumbo yote huonekana kwa pamoja kama vivuli hafifu, yaliyopita na yajayo yakikaa ubavu kwa ubavu. Ni matini fupi ambayo maneno yake yote yanajulikana mapema. Kinachobaki bila kujulikana ni mpangilio na kasi, na hivyo viwili huletwa na uchezaji. Kadhalika jina lenyewe lina hoja: mchezo na saa. Mtu asipocheza, kifaa humwonyesha wakati. Akicheza, humpotezea. Bila ya betri hakifanyi lolote kati ya hayo mawili.

4. Mayai ya mbwa-mwitu

Mwaka 1981 Nintendo ilitoa Game & Watch iliyoitwa Mickey Mouse, ambamo mhusika huyo hukinga kwa kikapu mayai yanayobingirika kutoka katika mifereji minne. Miaka michache baadaye, Umoja wa Kisovyeti ulitengeneza mchezo uo huo bila ya idhini ya wenye nao, ukiwa na chapa ya Elektronika na namba IM-02. Mickey aliondolewa, na mahali pake akawekwa Mbwa-mwitu wa Nu, pogodi!, filamu za katuni zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1969, ambazo jina lake laweza kutolewa kwa Kiswahili kuwa Ngoja, utaniona! Katika filamu hizo Mbwa-mwitu humfukuza Sungura asimpate. Katika mchezo, Mbwa-mwitu anadaka mayai huku Sungura akijitokeza mara kwa mara pembeni.

Kwa mkusanyaji anayepima vitu kwa asili yake, IM-02 ni nakala, nayo nakala ni duni. Lakini kwa kipimo cha ukumbusho hukumu hugeuka. Mchezo huu uliingia katika nyumba nyingi mno, ukawa sehemu ya utoto wa kizazi kizima, na zaidi ya hayo ukazaa ngano. Watoto wa Kisovyeti walisimuliana kwamba anayefikisha alama 1,000 hufunguliwa katuni, naye huitazama katika kile kioo kidogo. Ngano hii ilienea kwa mdomo tu, bila ya gazeti wala kitabu. Kila msimuliaji alikuwa na binamu, au jirani, au mwanafunzi wa darasa la juu aliyeiona kwa macho yake.

Mtu mwenye kufahamu jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi anajua kwamba jambo hilo haliwezekani. Maumbo yote yalikuwa yamekwisha kuchorwa: hapakuwa na mahali pa kuweka katuni. Isitoshe, hesabu ya mashine ilikomea 999, kisha ikarudi sifuri na mchezo ukaendelea. Hapa ndipo ngano inapoonyesha ufundi wake. Tuzo iliwekwa hatua moja tu kupita ukomo wa mashine, katika namba ambayo hesabu haikuifikia. Msomi wa fasihi simulizi ataitambua mara moja jadi hii: shujaa hupewa kazi isiyo na mwisho, na nyuma ya mwisho usiokuwapo kuna hazina. Mtoto aliyefika 999 akaona sifuri hakusema kwamba ngano ni ya uongo. Alisema kwamba amekosea mahali fulani, au kwamba haikupasa kudondosha hata yai moja. Akaanza tena.

Yafaa isisitizwe kwamba ngano hii haikukaa ndani ya kifaa. Ilikaa kati ya watoto. Kifaa kiliisababisha, kama vile picha ya sebuleni inavyosababisha mazungumzo. Anayeinunua leo IM-02 safi isiyo na mkwaruzo hapati ngano pamoja nayo, isipokuwa kama alikuwa mmoja wa waliosimuliwa.

5. Hamu za aina mbili

Svetlana Boym, mzaliwa wa Leningrad aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard hadi kifo chake mwaka 2015, alitofautisha katika kitabu chake cha mwaka 2001, The Future of Nostalgia, hamu za namna mbili. Ya kwanza hutaka kuirudisha nyumba iliyopotea, kuijenga upya kama ilivyokuwa na kukana kwamba imebomoka. Ya pili hukaa na maumivu yenyewe ya kutamani: huyatafakari magofu, huvumilia mashaka, hata hucheka. Tofauti hii inalifaa sana jambo linalojadiliwa hapa.

Hamu ya kwanza ndiyo inayotawala soko. Hutaka kifaa kirudi katika hali kilichokuwa nayo dukani, yaani kabla hakijawa cha mtoto yeyote. Ni ajabu ya hamu hii kwamba inarudi nyuma kupita utoto wenyewe, ikasimama mlangoni mwa kiwanda. Kampuni nazo hulijua soko hilo. Novemba 2020 Nintendo ilitoa tena Game & Watch, safari hii ikiwa na Super Mario Bros., kwa umbo la nje lililofanana na la kale. Ndani mlikuwa na kioo cha rangi na betri ya kuchajiwa ya aina ya lithiamu. Msomaji wa Katanga hatakosa kutambua kwamba betri za aina hiyo kwa kawaida huhitaji kobalti, na kwamba zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi yake. Hata kumbukumbu za watu wa mbali zina malighafi, na malighafi hiyo ina wachimbaji.

Mfano wa hamu ya pili ni Game Boy moja iliyoonyeshwa kwa miaka mingi katika duka la Nintendo jijini New York. Ilikuwa mali ya askari wa Marekani, nayo iliungua kambi iliposhambuliwa kwa bomu wakati wa Vita vya Ghuba vya 1990–1991. Plastiki yake imeyeyuka na kujikunja, sura yake imekuwa nyeusi. Lakini ilifanya kazi, na katika maonyesho hayo iliachwa ikionyesha Tetris, mchezo aliouvumbua Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Kwa mizani ya mnada kifaa hicho ni takataka. Kwa mizani ya ukumbusho, ni vigumu kupata kingine kinachomfanya mtazamaji asimame na kuuliza.

6. Soko na sanduku lililofungwa

Jean Baudrillard, katika kitabu chake cha mwaka 1968 juu ya mfumo wa vitu, alieleza kwamba kitu kikiingia katika mkusanyo huondolewa kazi yake, kikabaki kumhusu mwenyewe anayekimiliki. Mkusanyaji, kwa mtazamo huo, hujikusanya mwenyewe. Hoja hiyo inaeleza kwa nini mtu mzima atamani kifaa asichokusudia kukiwasha. Haielezi bado kwa nini kilichofungwa kinapanda bei kuliko kilichofunguliwa.

Maelezo yamo katika hesabu. Game & Watch ziliuzwa kiasi cha milioni 43.4. Game Boy, iliyotoka mwaka 1989, pamoja na Game Boy Color iliyoifuata, ilipita milioni 118. Vitu vilivyotengenezwa kwa mamilioni haviwezi kuwa adimu kwa asili. Vimefanywa adimu na watoto waliovifungua, wakatupa masanduku, wakavunja milango ya betri. Kwa maneno mengine, sanduku lililofungwa linapata thamani kutokana na uchezaji wa masanduku mengine yote. Tuzo hupewa yule ambaye hakucheza, na inalipwa kwa jasho la waliocheza. Methali imegeuzwa kichwa chini.

Mwelekeo huu umefika mbali katika michezo ya nyumbani, ambayo soko lake ni ndugu wa soko la michezo ya mkononi. Julai 2021, nakala ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa katika mnada wa Heritage nchini Marekani kwa dola milioni 1.56. Mchezo wenyewe ulikuwa umeuzwa kwa mamilioni ya watu na haukuwa siri kwa mtu yeyote. Kilichonunuliwa ni hali ya kutoguswa, iliyopimwa na kupewa alama na wakadiriaji. Alama ambazo zamani mchezaji alizipata kwa vidole vyake sasa hupewa plastiki.

Lakini kosa kubwa zaidi la sanduku ni kwamba halitunzi. Vioo vya Microvision viliundwa wakati ufundi huo ulikuwa bado mchanga: majimaji yake hayakuwa safi, na kingo hazikuzibwa barabara. Matokeo yake ni kwamba vioo vingi vimeoza na kuwa na madoa meusi, viwe vilichezwa au la. Betri zilizosahauliwa ndani huvuja na kula shaba. Utando unaouwezesha mwanga kuonyesha maumbo hufifia kwa miaka. Mwenye sanduku lisilofunguliwa hawezi hata kujua kama kilichomo kingali hai, kwani kukijua ni kukifungua, na kukifungua ni kupoteza bei. Amelipa fedha nyingi kwa kitu ambacho huenda kimekufa, na sheria za soko zinamkataza kukipima mapigo ya moyo.

7. Mapingamizi

Haki inadai kwamba upande wa wakusanyaji usikilizwe. Kwanza, kama si wao, vifaa vingi vingaliishia jalalani. Makumbusho makubwa, kama vile Strong huko Rochester, Marekani, yamejenga hazina zao kwa msaada wa watu waliohifadhi vitu pale wengine walipovidharau. Pili, kifaa kikichezwa bila kipimo huisha. Vitufe vyake vya mpira huchakaa, na vipuri havitengenezwi tena. Tatu, mtafiti wa baadaye atahitaji angalau nakala chache ambazo hazikuguswa, ili ajue rangi, karatasi na maagizo vilivyokuwa mwanzoni. Hoja hizi tatu ni za kweli, nazo zatosha kuonyesha kwamba ukusanyaji wenyewe si kosa.

Ila kuna kundi jingine la wahifadhi ambalo mwenendo wake unajibu swali kwa njia isiyotarajiwa. Wapenzi wanaoshughulikia MAME, programu ya kompyuta inayoiga mitambo ya kale, waliamua kuokoa michezo ya Game & Watch na jamii zake, IM-02 ikiwamo. Programu ya kifaa hicho imefungiwa ndani ya chipu, nayo haikuandikwa popote pengine. Ili kuisoma, ilibidi gamba la chipu liyeyushwe kwa tindikali na kilichomo kipigwe picha kwa hadubini. Kioo nacho kilivuliwa na kunakiliwa umbo kwa umbo. Kifaa kilichopitia mikono hiyo hakirudi tena kuwa kifaa. Lakini mchezo wake unaweza kuchezwa leo na mtu yeyote mwenye kompyuta, hata asiyewahi kukishika.

Kazi hiyo nayo ina upungufu. Mchezo ulioigwa hauna uzito wa kifaa kiganjani, hauna mwanga wa dirisha unaofichua vivuli vya maumbo, wala baridi ya chuma usoni pake. Hata hivyo imechagua upande ulio sahihi. Kati ya kulinda ganda na kuokoa mchezo, imevunja ganda.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, michezo ya elektroniki ya mkononi ya kizazi cha mwanzo ilikuwa na mitambo haba, na uhaba huo ulimlazimisha mchezaji aongeze fikra na simulizi zake. Sehemu hiyo iliyoongezwa ndiyo inayokumbukwa. Pili, soko linalotukuza sanduku lililofungwa hukitenga kifaa na sehemu hiyo, tena haliwezi kukilinda kifaa chenyewe kisioze. Tatu, dhana ya ukumbusho, kama inavyotumika katika Kiswahili cha Katanga, inatoa kipimo kilicho bora kuliko alama za wakadiriaji, kwa kuwa inauliza kitu kimesababisha nini.

Yokoi alifariki tarehe 4 Oktoba 1997 katika ajali ya barabarani, mwaka mmoja baada ya kuondoka Nintendo. Vifaa vyake vinaendelea kufa kimoja kimoja, kioo baada ya kioo. Vilivyobaki hai havina miaka mingi, na wale waliovicheza utotoni wanazeeka pamoja navyo. Kwa sababu hiyo shauri linalotokana na uhakiki huu ni jepesi, nalo ni la haraka: vichache vihifadhiwe kwa ajili ya utafiti, programu zake zinakiliwe, na vilivyosalia vitiwe betri, vipewe watoto, na anayevitoa akae karibu asimulie habari za katuni iliyokuwa ikingoja katika alama ya 1,000. Mchezo utakuwa umetunzwa kwa maana zote mbili.